Mvinyo wa Dunia ya Kale na wa Dunia Mpya: aibu niliyoipata kwa chupa ya Chablis

#1 Fundi_Glasi (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Leo nina ofu, nimeamua kuushusha.

Mwaka wangu wa kwanza wa uhudumu kwenye hoteli moja Arusha, aliingia mama wa Kizungu, mtu mzima, akauliza kama tuna Chardonnay. Nikamjibu kifua mbele: "Samahani mama, Chardonnay imeisha, ila Chablis ipo." Akanitazama kidogo, akatabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto wa jirani, akasema basi lete hiyo. Nikaileta, nikaifungua kwa madaha yote niliyofundishwa chuoni. Usiku, mkubwa wa baa akaniita pembeni: "Dogo, Chablis ni jina la mahali Ufaransa, na mvinyo wake wote ni wa zabibu ya Chardonnay. Hakuna Chablis nyeupe ya zabibu nyingine, na nyekundu haipo."

Sikulala vizuri siku ile. Lakini swali likabaki: kama ni Chardonnay, mbona hawakuandika? Nimezunguka miaka kadhaa kati ya glasi na vitabu, na mpaka leo naona jibu la swali hilo moja ndilo linalobeba tofauti yote ya Kale na Mpya.

Kwa asiyejua: watu wa mvinyo wanaigawa dunia mafungu mawili. Dunia ya Kale ni Ulaya na majirani zake: Ufaransa, Italia, Hispania, Ureno, Ujerumani, Austria, Ugiriki na kadhalika. Dunia Mpya ni kule mizabibu ilikofika kwa meli za Wazungu: Marekani, Chile, Argentina, Australia, New Zealand, Afrika Kusini. Basi.

Sasa lebo. Ukienda sokoni ukaambiwa "huu mchele wa Kyela", unauliza ni mbegu gani? Huulizi. Jina la mahali limeshakupa harufu, limeshakupa bei, na limeshakupa wasiwasi kama kweli ni wa Kyela. Ndivyo Mfaransa anavyoandika chupa yake. Anaandika Chablis, kwa sababu kwake Chablis inatosha. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, haandiki. Muitaliano anaandika Barolo, hakwambii kuwa ndani ni Nebbiolo tupu. Chianti kwa sehemu kubwa ni Sangiovese. Rioja nyekundu kwa kawaida ni Tempranillo. Unatakiwa uwe unajua, na usipojua unaaibika Arusha kama mimi.

Mtu wa Dunia Mpya hakuwa na Kyela yake. Mwaka 1970 ukimwambia mnunuzi wa London "huu ni mvinyo wa Napa", lile bonde la California, alikuwa anakukodolea macho. Kwa hiyo wakaandika jina la zabibu kwa herufi kubwa: CABERNET SAUVIGNON, CHARDONNAY, MALBEC, SHIRAZ. Ni kama pakiti ya mbegu dukani, unasoma aina unajua unapanda nini.

Nyuma ya lebo kuna sheria. Ufaransa ilianzisha mfumo wake wa majina ya mahali mwaka 1935, na jina hilo ukilitumia limekufunga mikono: zabibu fulani tu, kiasi fulani tu kwa hekta, hata namna ya kupogoa. Barolo haiuzwi kabla ya miezi 38, na katika hiyo isiyopungua 18 imekaa kwenye mbao. Rioja nyekundu wakiiandika Gran Reserva ni miaka mitano, miwili kwenye mapipa ya mwaloni. Kule Marekani neno "Reserve" kwenye lebo halina maana yoyote kisheria ya nchi. Mtu anaweza kuliandika kwa sababu anapenda linavyosikika.

Ladha nitaeleza, ngoja ninywe chai kwanza.

#2 Kisusio

Sisi wa bia tunasubiri jambo moja tu mkuu. Ipi inapanda kichwani haraka?

#3 Binti_Kikwajuni

Mimi si mnywaji na sitakuwa, lakini napenda kujua mambo. Nakaa hapa na karanga zangu. Halafu mbona wengine mnasema mvinyo, wengine waini, kanisani divai? Ni vitu vitatu?

#4 Fundi_Glasi

@Binti_Kikwajuni ni kitu kimoja kilichoingia kwa milango mitatu. Mvinyo tumeutoa kwa Wareno, *vinho*. Divai ni Mfaransa, *du vin*. Waini ni Mwingereza. Hata kamusi yetu imegawanyika Kale na Mpya.

@Kisusio swali lako ni la maana kuliko unavyodhani. Zabibu ikipigwa jua sana, sukari inapanda na uchachu unashuka. Hamira inakula sukari inatoa kilevi. Sukari nyingi, kilevi kingi. Ndiyo maana mafunzo ya hotelini yanasema: Kale ni mwepesi, asilimia 12 na kitu, mchachu, una harufu ya udongo na majani makavu. Mpya ni mzito, 14 na zaidi, matunda yaliyoiva mpaka yanakaribia jamu, vanila ya mbao.

Kama mwanzo, sawa. Kama sheria, utaaibika tena. Châteauneuf-du-Pape ya kusini mwa Ufaransa inafika 14.5 bila kujikaza. Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand, ina uchachu wa kukunja uso, na hiyo ni Dunia Mpya kweli kweli. Hilo la vanila nalo: vanila kali huletwa na mwaloni wa Marekani, na waliouzoea mwaloni huo kwa vizazi ni Wahispania wa Rioja!

Kuna kitu kingine watu hawakitaji. Kaskazini mwa Ufaransa, mwaka jua likiwa dogo, sheria inaruhusu kuongeza sukari kwenye maji ya zabibu kabla hayajachachuka, ili kilevi kifike. California hiyo ni marufuku kwa mvinyo wa kawaida, lakini kuongeza asidi ruksa, na Australia wanaongeza kila siku. Kila mtu anaongeza kile ambacho jua lake halikumpa. Kwa hiyo anayekwambia Kale ni "asilia" na Mpya ni "wa kiwandani", mwombe kwanza akuonyeshe gunia la sukari liko wapi.

Nimesahau ukakasi. Ule wa kung'ata bibo la korosho likakausha ulimi? Ndio huo, unatoka kwenye maganda na mbegu, na mbao pia. Barolo changa ni bibo kabisa.

#5 Mama_wa_Trier

Kaka Fundi, somo zuri, ila naomba nikupinge. Ninaishi Trier, Ujerumani, mto Mosel uko dakika chache kutoka kwangu. Hii ni Dunia ya Kale mpaka mwisho, mji wenyewe ulijengwa na Warumi. Na chupa za huku zimeandikwa RIESLING kwa herufi kubwa. Alsace kule Ufaransa wanafanya hivyo hivyo. Sasa sheria yako ya lebo imekaaje?

Na kilevi: nimenunua juzi Riesling ya asilimia 8. Nane! Tamu kidogo, chachu sana, kama ukwaju uliotiwa asali. Mashamba yenyewe yako kwenye miteremko ambayo ukidondosha ndoo unaikuta mtoni. Mawe meusi ya bamba yanakaa na joto la mchana yanairudishia mizabibu usiku. Bila mawe hayo na mto huo zabibu zisingeiva huku, baridi ya huku naijua mimi.

#6 Fundi_Glasi

Dada umenishika. Ujerumani na Alsace wanataja zabibu, nilipaswa kusema tangu mwanzo. Ila tazama tena hiyo chupa yako: juu ya neno Riesling bila shaka kuna jina la kijiji na la shamba, refu kama treni. Zabibu wametaja, mahali hawajapaacha.

Na hata zabibu ikitajwa, uliza ni kiasi gani. Ulaya ukiandika jina la zabibu moja lazima iwe si chini ya asilimia 85. Marekani 75 inatosha. Robo ya chupa yako ya Cabernet inaweza kuwa kitu kingine na hakuna aliyekudanganya.

#7 Mgumu_Kuelewa

Mimi nina tatizo na hayo majina. Afrika Kusini walianza lini? Nilitembelea shamba moja kule nikaambiwa miaka mia tatu na kitu. Sasa upya uko wapi?

#8 Fundi_Glasi

Hapo ndipo nilipokuwa napataka, ahsante.

Jan van Riebeeck wa kampuni ya Waholanzi alishuka Rasi ya Tumaini Jema, Cape Town ya leo, mwaka 1652. Tarehe 2 Februari 1659 akaandika kwenye shajara yake kwamba wamekamua mvinyo wa kwanza kutoka zabibu za Rasi. Shamba la Constantia likaanzishwa 1685. Mvinyo wake mtamu ulikuja kusifika Ulaya nzima, na Napoleon akiwa kifungoni Saint Helena alikuwa akiletewa.

Sasa nenda Bordeaux, Ufaransa. Médoc, pale yalipo mashamba yenye majina makubwa kama Lafite, Latour na Mouton, kwa sehemu kubwa palikuwa kinamasi. Waliochimba mifereji kukausha ni mafundi wa Kiholanzi, karne hiyo hiyo ya 17. Yaani watu wa taifa moja, miaka inayokaribiana, wanakausha tope Médoc na kupanda mizabibu Rasi, halafu leo huku tunaita Kale na kule tunaita Mpya. Cabernet nyingi za Médoc zilipandwa baada ya Rasi kuwa tayari inakamua.

Ukitaka ukale wa kweli nenda Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukasi, si jimbo la Marekani. Mitungi ya udongo iliyochimbuliwa kule imekutwa na mabaki ya mvinyo ya miaka kama 8,000. Mpaka leo wanafukia mitungi ardhini na kuchachushia humo humo. Ukiwaweka wale mezani, Mfaransa ni kijana wa juzi.

Na mizizi je? Miaka ya 1860 kijidudu kidogo kutoka Amerika Kaskazini, filoksera, kiliingia Ufaransa kikaanza kunyonya mizizi. Mashamba yakafa nchi nzima, kisha Ulaya nzima. Dawa ikapatikana kwa aliyeleta ugonjwa: mizabibu ya Marekani mizizi yake ilishazoea kijidudu hicho. Wakakata kikonyo cha Kifaransa wakakibebesha kwenye shina la Kimarekani, kama tunavyobebesha miembe. Mpaka leo mizabibu karibu yote ya Bordeaux na Burgundy imesimama kwenye miguu ya Kimarekani. Wakati huo huo Chile, nyuma ya Andes na jangwa, kijidudu hakikusumbua, kwa hiyo wana mizabibu ya asili ya Ulaya kwenye mizizi yake yenyewe. Barossa huko Australia kuna Shiraz inayohesabiwa kuwa ilipandwa 1843 na bado inazaa.

Kali kuliko zote ni ya 1994. Mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alikuwa anatembea shambani Chile, anatazama majani ya "Merlot" yao. Akasimama. Ile haikuwa Merlot. Ilikuwa Carménère, zabibu ya Bordeaux ambayo kwao ilikuwa imeshapotea karibu kabisa tangu enzi za filoksera. Wachile walikuwa wakiivuna na kuiuza kwa jina la mwenzake kwa zaidi ya miaka mia.

#9 Jabali_la_Kusini

Mkuu unasimulia vizuri Constantia na Napoleon wake, ila taja na waliopanda. Ile mizabibu ilipandwa na watumwa: Madagaska, Msumbiji, India, visiwa vya Indonesia. Baadaye ukaja mfumo wa *dop*, kibarua analipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo wa hovyo, vikombe kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Miaka ya 1960 ukapigwa marufuku kwenye karatasi, mashambani ukaendelea miongo mingine. Nimefanya kazi Western Cape misimu miwili. Watoto wanaozaliwa wameharibiwa na pombe tangu tumboni, viwango vya kule ni miongoni mwa vikubwa kuwahi kupimwa duniani. Ukifungua chupa ya Rasi ukumbuke hilo nalo.

#10 Fundi_Glasi

Umesema haki. Nilipita juu juu, na nisingepaswa.

#11 Kisusio

Sasa imekuwa nzito. Turudi kwenye ligi basi. Kale na Mpya walishawahi kucheza mechi?

#12 Fundi_Glasi

Walicheza. Paris, 24 Mei 1976.

Mwingereza mmoja, Steven Spurrier, alikuwa na duka la mvinyo pale. Akaandaa kuonja kwa kufunika lebo: Chardonnay za California dhidi ya nyeupe za Burgundy, Cabernet za California dhidi ya nyekundu za Bordeaux. Waamuzi tisa, wote Wafaransa, wote wenye majina. Mwandishi wa habari aliyejitokeza ni mmoja tu, wa jarida la Time, kwa sababu kila mtu alijua matokeo.

Nyeupe iliyoongoza: Chateau Montelena ya 1973, ya Napa. Nyekundu iliyoongoza: Stag's Leap Wine Cellars ya 1973, ya Napa, ikaipita Mouton Rothschild ya 1970. Kuna mwamuzi alionja nyeupe akafurahi kwamba sasa amerudi Ufaransa, kumbe ameshika California. Mwamuzi mwingine, mama mwenye cheo kikubwa kwenye magazeti ya mvinyo, alidai arudishiwe karatasi yake ya alama. Hakurudishiwa.

Wakalalamika kwamba mvinyo wa Ufaransa huhitaji kukaa, ule wa California utachakaa. Haya, mwaka 2006 nyekundu zile zile zikaonjwa tena, miaka 30 baadaye. Nafasi tano za juu zote zikachukuliwa na California, ya kwanza ikiwa Ridge Monte Bello ya 1971.

Mimi sisemi Mpya ni bora. Nasema watu tisa waliokulia Ufaransa, lebo zikifunikwa, waliipa California ushindi. Sasa wewe mkaguzi wa baa ya Mikocheni unayesema "naisikia Dunia ya Kale kwenye pua", punguza.

#13 Mnoko_Mstaafu

Hizi ni mbwembwe za watu wa kujionyesha. Zabibu ni zabibu.

#14 Mzabibu_Hombolo

Mzee wangu, zabibu si zabibu. Mimi nalima hapa Hombolo, Dodoma, naomba niseme machache.

Mzabibu wa Ulaya baridi inaulaza. Wetu haulali. Sisi ndio tunauamsha kwa kukata matawi, ukikata unaanza kuhesabu miezi mpaka kuvuna. Ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux hajawahi kuliona kwake. Ila mivuno hiyo miwili si pacha. Ya kiangazi sukari inakaa. Ya wakati wa mvua, ubwiri unga na ubwiri vinyoya vinakutoa jasho, na punje inajaa maji. Mnunuzi anakuja na kipimo chake cha sukari, anaminya tone moja, anasoma, anatikisa kichwa, anapanda gari anaondoka. Wewe umebaki na tenga zako juani. Mwaka mmoja niliuza zabibu za mvinyo kwa bei ya juisi.

Swali langu kwa Fundi: sisi ni Kale au Mpya?

#15 Fundi_Glasi

Mkuu pole kwa hayo matenga, na nimeliogopa swali hili tangu nianze uzi.

Vitabu vinasema mzabibu wa mvinyo unakaa kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini au kusini. Dodoma ni nyuzi 6. Kwenye ramani zao nyingi hatupo. Mizabibu ililetwa na wamisionari, kwa hiyo kwa asili tungekuwa Mpya. Chenin Blanc mnayolima ni ya bonde la Loire, nayo Afrika Kusini wanayo nyingi kuliko Ufaransa ilikotoka. Lakini zabibu yenu kubwa nyekundu inaitwa Makutupora. Hilo ni jina la mahali! Chupa ikiandikwa Makutupora imetaja zabibu na imetaja kijiji kwa neno moja. Mfaransa na Mmarekani wote wawili wameridhika.

Kwa kifupi sijui pa kuwaweka, na naona raha kutojua.

#16 Wa_Lavington

Hata sisi Wakenya tuko hivyo. Kuna mizabibu Naivasha, juu sana, usiku unavaa sweta. Ikweta chini ya miguu na baridi mgongoni. Hiyo nayo mtaiita nini?

#17 Bukoba_Mjini

Fundi, nimefuata uzi wako. Nimenunua mbili: Bordeaux ya bei ya chini kabisa iliyokuwepo na Cabernet ya Stellenbosch, Afrika Kusini, bei karibu sawa. Nimezivisha soksi, nikamwita shemeji ambaye amekaa Ubelgiji miaka tisa na hatulali kwa hilo. Akanusa, akazungusha glasi, akafumba macho. Akasema ya kwanza ndiyo Ufaransa, "unaisikia ardhi".

Ilikuwa Stellenbosch.

#18 Kisusio

😂😂😂 Shemeji arudishiwe karatasi yake.

#19 Fundi_Glasi

Usimcheke sana, Stellenbosch inafanya hivyo. Cabernet za kule mara nyingi zina harufu ya majani na udongo, wajuzi wanapenda kusema ziko katikati ya Bordeaux na California. Kingine: Bordeaux ya bei ya chini siku hizi mara nyingi inatengenezwa laini, Merlot tele, inywewe mapema. Mlaji amezoea ulaini wa Mpya, na wao wanataka kuuza. Na Waitaliano wa Toscana walishapanda Cabernet zamani, ile Sassicaia, ikaanza kuuzwa na mavuno ya 1968. Sheria haikuitambua, ikawa kwa miaka mingi inauzwa kama "mvinyo wa mezani" kwa bei ya kuuza ng'ombe.

Swali moja: ulizihifadhi wapi kabla ya kufungua?

#20 Bukoba_Mjini

Juu ya friji.

#21 Fundi_Glasi

Juu??

"Joto la kawaida la chumba" wanalosema kwa mvinyo mwekundu ni la vyumba vyao, nyuzi 16 mpaka 18. Juu ya friji panatoka hewa ya moto, ni jiko lile. Mvinyo ukipata joto unasikia kilevi tu, hizo harufu za ardhi na matunda zinapotea. Rudia jaribio. Nusu saa NDANI ya friji, soksi zile zile, na shemeji asijue kama umezipanga upya.

#22 Bukoba_Mjini

Zimeisha mkuu. Shemeji alisema lazima ahakikishe.